Redio ya Subaru na Masharti ya Mjomba

Gari langu la kwanza la kujivunia lilikuwa Subaru Impreza WRX lililotengenezwa mwaka 2003. Lilifika Uganda kwa njia ambayo magari mengi ya Kijapani huijia, kwa meli hadi Mombasa, kisha kwa barabara hadi mpakani Malaba, na redio yake ilikuwa bado haijapata habari kwamba imehama nchi. Kila nilipowasha swichi, sauti ya mwanamke ilinieleza kwa Kijapani, kwa adabu kubwa, kwamba kadi ya ETC haijawekwa. ETC ni mfumo wa kule Japani wa kulipia barabara kuu bila kusimamisha gari, na mwaka 2017, wakati wa tukio hili ninalolisimulia, Uganda haikuwa na barabara kuu ya kulipia hata moja. Abiria wangu wengi walidhani kwamba mama yule anatusalimu, na wapo waliomwitikia. Ramani iliyokuwa kwenye DVD iliishia Japani, kwa hiyo kishale cha gari kilitembea juu ya skrini tupu. Palikuwa pia na tundu la MD, zile diski ndogo zilizopendwa sana na Wajapani na ambazo huku kwetu hazikupata kushika, na ndani yake mlikuwa bado na diski ya mwenye gari wa zamani, iliyoandikwa kwa mkono. Niliisikiliza mara kwa mara, kwa sababu hapakuwa na kingine cha kusikiliza.

Shida kubwa zaidi ilikuwa ya masafa. Redio zilizotengenezwa wakati ule kwa ajili ya soko la Japani hunasa FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, ilhali vituo vyetu vimepangwa kati ya 87.5 na 108. Nilipokuwa Kampala niliipata CBS ya 88.8 bila taabu, lakini Capital ya 91.3 na Simba ya 97.3 kwangu zilikuwa kama hazipo. Aliyeniuzia gari alikuwa amefunga kile kiboksi kidogo ambacho hukaa kwenye waya wa antena na kuyashusha masafa kwa megahezi 20, hivi kwamba 97.3 ilionekana kwenye redio kama 77.3. Dawa hiyo ilitibu nusu ya ugonjwa tu, kwa maana ukiondoa 20 kutoka 91.3 unapata 71.3, na huko redio haifiki. Vituo vyote vilivyo kati ya 90 na 96 vilibaki nje, na vichache vilivyosalia vilikwaruza kila nilipopita karibu na minara ya Kololo.

Nilianza kwa kuuliza bei katika duka moja karibu na soko la Kisekka, ambako vipuri vya kila aina ya gari hupatikana. Kijana wa pale alinishauri niweke skrini ya Android inayochomoza juu ya dashibodi, pamoja na wofa mbili, yaani spika kubwa za besi, za inchi 12 ndani ya buti, na akanihakikishia kwamba nikifika Jinja watu watajua nimefika kabla sijaonekana. Sikumbishia. Hata hivyo nilijua kwamba hesabu yake ilikuwa na maana ya kuikata plastiki ya dashibodi, ambayo haina mbadala wa rahisi, na ya kulitwika makumi ya kilo kwa nyuma gari lililosanifiwa kwa ajili ya wepesi. Nililichukua gari hadi Walukuba, Jinja, kwa mjomba wangu.

Mjomba alizitengeneza redio tangu zama za zile zenye taa za kioo ndani. Alikulia katika nyumba za Walukuba, mtaa uliojaa familia zilizofuata kazi za viwandani kutoka kila pembe, na ndiyo maana nyumbani kwake Kiswahili hakikuwa lugha ya wageni. Alilizunguka gari, akaniomba niwashe injini, akasimama nyuma karibu na bomba la moshi akisikiliza. Injini ile ya turbo ya lita 2 huvuma kwa mpigo usio sawa, kwa sababu silinda zake nne zimelala ubavu na mabomba yanayokusanya moshi wake yana urefu tofauti, kwa hiyo moshi wa kila silinda hufika kwa wakati wake.

“Huu nao ni muziki,” alisema. “Ukiufunika kwa wofa, ulinunua gari hili la nini?”

Kisha akanipa masharti yake. Hakuna waya wa kiwandani utakaokatwa, hakuna kitu kizito kitakachoingia kwenye buti, na kazi itaanzia milangoni, redio iwe ya mwisho. Sharti hilo la mwisho lilinishangaza zaidi, maana kila duka nililopita lilianza na skrini.

Milango ya Impreza ile haina fremu ya kushika kioo, na bamba lake la ndani hushikwa na skrubu chache na klipu za plastiki ambazo, baada ya miaka kumi na minne ya jua, huvunjika ukizigusa kwa haraka. Mjomba alizichomoa kwa bisibisi bapa aliyoizungushia kitambaa, akiziweka ndani ya sahani ya chai moja baada ya nyingine. Nyuma ya bamba palikuwa na karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi, na nyuma ya hiyo chuma chenye matundu makubwa. Aligonga chuma cha nje kwa kifundo cha kidole, kikalia kama debe tupu.

“Unasikia?” aliuliza. “Spika yako inapiga, na mlango nao unapiga wake.”

Alinifafanulia jambo ambalo nimelithibitisha mara nyingi tangu siku ile. Spika husukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja, na mawimbi hayo mawili yako kinyume. Matundu ya mlango yakiachwa wazi, wimbi la nyuma huzunguka likakutana na la mbele, na kwa sauti nzito hasa yakafutana. Mtu hulalamika kwamba spika yake haina besi, ananunua kubwa zaidi, na besi haiji. Tulibandika mikeka ya mpira mzito wenye karatasi ya aluminiamu kwa juu, kwanza kwenye chuma cha nje ili kisitetemeke, kisha juu ya matundu ili mlango uwe sanduku. Mikeka hiyo sharti igandamizwe mpaka hewa yote itoke chini yake, na kwa kuwa hatukuwa na rola, mkaza mjomba alitupatia kisukumio chake cha chapati, kwa ahadi kwamba kitarudi kikiwa kimeoshwa. Mjomba alinikataza kuyagusa matundu madogo yaliyo chini kabisa ya mlango. Maji ya mvua huingia kupitia ukingo wa kioo na kutokea hapo, na katika mvua za Jinja mlango ulioziba ungeoza kabla ya redio kupitwa na wakati. Spika za kiwandani, ambazo karatasi zake zilikuwa zimelegea, tuliziondoa na kufunga za sentimita 16 juu ya pete za mbao alizozikata mwenyewe. Mlango ulipofungwa baada ya hapo, hata mlio wake wa kujifunga ulikuwa mwingine.

Redio niliyoichagua ilikuwa ya kawaida, yenye skrini ndogo inayokaa ndani ya nafasi ileile ya zamani. Nafasi hizo zina kipimo kilichowekwa na Wajerumani, milimita 180 kwa 50, na iliyo mara mbili ni 180 kwa 100. Wenye Toyota za Japani hukutana na upana wa 200 na kulazimika kutafuta vipande vya kujazia pembeni, lakini kwangu hilo halikuwapo. Ilikuwa na Bluetooth, mlango wa USB na waya wa kamera ya nyuma. Ramani sikuitafuta, kwa sababu simu huzipata barabara mpya mapema kuliko redio yoyote. Kwenye boksi lake iliandikwa wati 50 mara nne, na Mjomba aliposoma hayo alicheka. Umeme wa gari ni volti 14 hivi injini ikiwa inazunguka, na volti hizo zikiingia katika spika ya omu 4, yaani kipimo cha ukinzani wake, haziwezi kutoa wati 50 za kweli hata kwa dua. Hutoa kama 20, na zaidi ya hapo sauti hukatika kingo na kuumiza masikio. Ndiyo sababu tukaongeza amplifaya, yaani kikuza sauti, ndogo ya njia nne chini ya kiti cha abiria, kwani amplifaya huipandisha kwanza volti ndani yake ndipo iisukume kwenye spika.

Nyaya za redio tuliziunganisha kwa plagi ya kati, upande mmoja ukiingia katika soketi ya Subaru na mwingine ukilehemiwa kwa nyaya za redio mpya: njano kwa umeme wa kudumu, nyekundu kwa umeme wa swichi, nyeusi kwa athi, yaani njia ya umeme kurudi kupitia mwili wa gari. Waya mnene wa amplifaya ulitoka kwenye betri, na fyuzi yake ilikaa hapohapo karibu na betri, kwa maana kazi ya fyuzi hiyo ni kuulinda waya wenyewe usiwake moto ukichunika njiani. Tuliupitisha upande wa kushoto wa gari, na nyaya za sauti upande wa kulia. Katika kukusanya nyaya za zamani nilikipata pia kiboksi cha ETC, tukaichomoa plagi yake. Mkaza mjomba, aliyekuwa amekwisha kumzoea mama yule wa Kijapani, aliuliza kama hatukuweza kumwachia nafasi.

Tulipowasha, sauti ilitoka safi mpaka injini ilipopigwa stata. Hapo ukaja mluzi mwembamba, na kila nilipokanyaga mafuta mluzi ukapanda pamoja na injini. Wengi wakikutwa na hali hiyo hununua kichujio na kukifunga kwenye waya wa umeme, wakitumaini. Mjomba hakununua kitu. Alichomoa nyaya za sauti kutoka amplifaya, mluzi ukakoma, akajua kwamba amplifaya yenyewe na waya wake wa umeme havina kosa. Akachukua multimeta, kile kipimo cha umeme, akaweka ncha moja kwenye mwili wa redio na nyingine kwenye mwili wa amplifaya, injini ikizunguka. Vitu viwili vilivyounganishwa na mwili mmoja wa gari havipaswi kutofautiana kitu, lakini hivi vilitofautiana kwa sehemu ya kumi ya volti, na tofauti hiyo, ikichezacheza kwa kufuata alteneta, ile jenereta inayozungushwa na injini, ilipita kwenye nyaya za sauti ikijifanya muziki. Athi ya amplifaya ilikuwa imefungwa kwenye bolti ya kiti, ambayo macho huiona ni chuma kitupu ilhali imezungukwa na rangi na gundi ya kiwandani. Mjomba alikwangua rangi mahali pengine kwenye sakafu mpaka chuma kikang’aa, akafunga hapo waya mfupi mnene, akapaka grisi juu ili kutu isianze. Multimeta ikasoma karibu na sifuri. Sijawahi kuusikia mluzi ule tena katika gari lile.

Kesho yake tulivuka daraja la bwawa la Nalubaale kuelekea Njeru, tukaingia msitu wa Mabira, ambako mawimbi ya redio hudhoofika kati ya miti na bonde, na nikautumia ukimya huo kupanga sauti kwa kutumia muziki wa kwenye simu. Niliweka kichujio kikate kila sauti nzito iliyo chini ya hezi 60, ili spika za mlango zisilazimishwe kazi isiyo yao. Baada ya Lugazi 91.3 ilikuja wazi, na Namawojjolo tulisimama kununua kuku na gonja, tukala tukiwa tumefungua milango.

Hapo ndipo nilipopanga jambo la mwisho, yaani ucheleweshaji. Sauti husafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde moja, na dereva, akiwa ameketi kulia, yuko karibu na spika ya kulia kwa nusu mita hivi kuliko ya kushoto. Ukiichelewesha ya kulia kwa milisekunde moja na nusu, zote mbili humfikia pamoja, na mwimbaji aliyekuwa amejikunyata pembeni mwa mlango hujitokeza katikati ya dashibodi. Nilifurahi sana. Mjomba, aliyeketi kushoto, alisikiliza wimbo mzima, akafuta vidole.

“Mpwa wangu,” alisema, “wewe umempata mwimbaji wako. Mimi umenihamishia wangu nje ya dirisha.”

Ilikuwa kweli, kwa maana kinachomsawazishia dereva humharibia abiria maradufu. Tulihifadhi mipango miwili katika kumbukumbu ya redio, mmoja wa kiti cha kulia na mwingine wa kushoto, na akasisitiza kwamba kila atakapopanda gari lile, wa kushoto ndio utakaotumika. Kurudi Jinja niliendesha nikimsikia mwimbaji akiwa begani kwangu, na fundi akiwa ameegemea kiti, ameridhika.