Siku moja maishani mwangu: kutwa nzima na sentensi moja ya help()

Saa 1 na nusu asubuhi

Nashuka kwenye bajaji pale Kabwe, nakatiza kuelekea Mwanjelwa ambako tumepanga chumba cha kazi, wenzangu wawili na mimi. Kodi ya chumba inatokana na mifumo midogo tunayotengenezea maduka ya pembejeo na AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za kahawa kule Mbozi. Leo hiyo nimeiweka pembeni. Siku nzima nimeitenga kwa ajili ya kurekebisha maelezo ya maktaba sanifu ya Python, lugha ya kuandikia programu; maktaba hiyo ni zile zana zinazokuja na lugha yenyewe ukishaiweka tu kwenye kompyuta: za kusoma faili za csv, za tarehe, za kuchambua maandishi na kadhalika.

Maelezo hayo yapo sehemu mbili, na hapo ndipo penye shauri. Sehemu ya kwanza ni kurasa ndefu za mtandaoni, zinazotengenezwa kwa zana iitwayo Sphinx kutoka kwenye folda ya Doc ndani ya msimbo wa chanzo wa Python. Sehemu ya pili ni maelezo mafupi yaliyofungwa ndani ya lugha, ambayo unayaita kwa kuandika help() na kuyasoma hata kama bando limeisha. Watu wa miji mikubwa wanaishi na ile ya kwanza. Vijana ninaokaa nao hapa wanaishi na ya pili.

Saa 3 asubuhi

Chai, na faili ya mdogo wangu mmoja wa kike anayesoma chuo hapa Mbeya. Alikuja nayo juzi.

"Shikamoo kaka. Namba za ofisi zinakatika, za watu binafsi ziko sawa."

"Marahaba. Umezisafisha kwa kutumia nini?"

Alikuwa anataka kuondoa +255 mwanzoni mwa kila namba, akaandika lstrip('+255'). Ukiisoma haraka unaona iko sahihi kabisa. Ila lstrip haiondoi neno zima ulilotaja. Inachukua herufi ulizotaja, yaani alama ya jumlisha, mbili na tano, kisha inakwangua kila inapozikuta mwanzoni mpaka ikutane na herufi isiyo kwenye orodha. Namba za mkononi za Tanzania baada ya +255 zinaanza na 6 au 7, kwa hiyo ukwanguaji unaishia pale pale panapotakiwa na kila kitu kinaonekana salama. Simu za mezani za Mbeya zina msimbo wa 025. Namba ya ofisi inayoanza +255 25 250, ikiandikwa bila nafasi, inapoteza +255, inapoteza 25 ya msimbo, inapoteza na 25 inayofuata, kisha inasimama kwenye sifuri. Za Iringa, zenye 026, zinapoteza ile 2 na kubaki zinaanza na 6, na ukiangalia juu juu unaweza kudhani ni za mkononi.

Kosa la namna hii linaniuma kuliko programu inayogoma. Programu ikigoma unajua pa kuanzia. Hii inakubali, inakupa majibu, na majibu mengi ni sahihi.

Saa 4 na nusu

Nafungua maelezo yote mawili, moja kando ya jingine. Ukurasa wa mtandaoni uko vizuri: unasema wazi kwamba herufi ulizotoa hazihesabiwi kama kiambishi cha mwanzo, na unamwelekeza msomaji kwenye removeprefix, inayoondoa neno zima la mwanzoni, iliyoingia kwenye Python 3.9 mwaka 2020 kwa sababu hii hii ya watu kuchanganya. Aliyeandika ukurasa huo alimfikiria msomaji, na ninamshukuru.

Kisha naandika help(str.lstrip). Inasema inarudisha nakala ya maandishi ambayo nafasi tupu za mwanzoni zimeondolewa, na kwamba ukitoa herufi, zitaondolewa hizo badala yake. Basi. Kila kilichoandikwa ni kweli, lakini removeprefix haitajwi popote. Yule dada alisoma hapo hapo, akaelewa kama mtu yeyote angeelewa, akaendelea na kazi.

Nimekutana na hoja kwamba help() inatakiwa kuwa fupi, na mtu akitaka zaidi aende kwenye ukurasa mkubwa. Ufupi naukubali, hakuna anayetaka kusoma gazeti kwenye skrini nyeusi. Lakini sentensi moja ya "tazama pia removeprefix" haiharibu ufupi. Inamfungulia mlango mtu asiye na mtaalamu wa kumuuliza na asiye na mtandao wa kutafutia. Maelezo yanayosafiri na lugha ndiyo mwalimu pekee anayefika kila mahali lugha inapofika, na mimi nasimama hapo.

Saa 7 mchana

Wali wa Kyela na maharage kwa mama, pale nje ya soko. Narudi mapema.

Saa 8 mchana

Watu wengi wanadhani kurekebisha maelezo ni kufungua faili ya maandishi na kuandika. Kwa kurasa za Doc ni hivyo kweli. Haya ya lstrip, hata hivyo, yanakaa ndani ya msimbo wa lugha ya C, kwenye faili iitwayo unicodeobject.c, katikati ya alama maalumu zinazosomwa na zana iitwayo Argument Clinic. Unabadilisha maneno pale, unaendesha make clinic, nayo inakutengenezea upya sehemu nyingine zinazotegemea maneno hayo. Kisha unakompaili Python nzima, yaani unaijenga upya kutoka kwenye msimbo wake, ili uione help() yako ikizungumza. Laptopu yangu ni ya zamani, kwa hiyo ukompailaji unanipa muda wa kutosha kuandika mifano.

Mifano ndiyo ninayoichunga zaidi. Python ina zana ya kupima mifano iitwayo doctest tangu toleo la 2.1 la mwaka 2001: unaandika mfano kama unavyoonekana kwenye skrini, pamoja na jibu lake, nayo inauendesha na kukuambia kama jibu bado ni lile lile. Kwangu mimi, mfano ambao haujaendeshwa usiingie kwenye maelezo hata ukiwa wa mstari mmoja. Anayejifunza peke yake akinakili mfano ukakataa, atajilaumu yeye, hatalaumu maelezo.

Natafuta mfano wa rstrip, ambayo ina mtego ule ule upande wa mwisho. Ninaupata kwenye jina la faili letu wenyewe:

'amcos.csv'.rstrip('.csv')

Jibu ni 'amco'. Ile s ya mwisho wa jina imeondoka pamoja na kiishio, kwa sababu s imo kwenye orodha ya herufi za kukwanguliwa. Ukitumia removesuffix('.csv') unabaki na 'amcos' yote. Mfano wa herufi chache tu, na mtu wa Mbozi, Rungwe au popote ataelewa bila kuelezwa zaidi.

Saa 11 jioni

Mtandao umekuwa mzito tangu saa 9, sasa umefunguka. Natuma tawi langu, yaani nakala yenye mabadiliko yangu, GitHub, tovuti ambako msimbo wa Python unatunzwa, na kuandika ombi la mabadiliko. Nimelifanya liwe dogo kwa makusudi: sentensi moja kwenye lstrip, moja kwenye rstrip, na ule mfano kwa ajili ya ukurasa wa mtandaoni. Katika maelezo ya ombi nimeandika hadithi ya namba za mezani kama ilivyotokea, kwa sababu mhakiki aliye Ulaya au Marekani hana namna ya kujua kwamba 255 na 025 zinakutana hivyo.

Saa 2 usiku

Nikiwa nyumbani Sae, simu inalia: mhakiki mmoja amejibu. Hoja ya sentensi ameikubali, ila anauliza kama strip, inayokwangua pande zote mbili, nayo iongezewe. Nimekaa nikaifikiria wakati ugali unasongwa. Jibu langu ni hapana kwa help(), kwa kuwa strip haina mwenzake mmoja wa kumwelekeza msomaji, na kutaja wawili kutarefusha maelezo bila faida. Nimemwandikia hivyo na sababu zake. Kesho mchana nitaangalia kama amekubali, halafu nimtumie yule dada faili lake likiwa na removeprefix, aendelee na namba zake za ofisi.