Siku moja karakanani: transponda mpya, siku 60 na rejesho la dola 500

Jumatano, 27 Machi 2019. Karakana ya umeme wa ndege kaskazini mwa Houston, Texas. Saa zote hapa chini ni za Kiswahili.

Saa 1:00 asubuhi

Kabla ya kugusa bisibisi, tunasoma ubao. Ndege nne zimeandikwa, na safu ya mwisho haina jina la fundi wala bei. Ina tarehe ya mwisho ya kudai rejesho. Cessna 172M ya mwaka 1976, iliyoko karibu na mlango, imeandikiwa Aprili 5. Zimebaki siku tisa.

Kwa asiyefuatilia: sheria ya mwaka 2010 ya mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, inataka kuanzia 1 Januari 2020 kila ndege inayopita kwenye anga zilizotajwa iwe na ADS-B Out, yaani itangaze yenyewe mahali ilipo, mwinuko na mwendo wake, kwa kutumia GPS. Ili wenye ndege ndogo wasingoje dakika ya mwisho, FAA ilitenga marejesho 20,000 ya dola 500 kwa wanaofunga kifaa cha ADS-B Out. Dirisha la kwanza lilianza 19 Septemba 2016 na kufungwa mwaka mmoja baadaye. Yakabaki 9,792, na dirisha likafunguliwa tena 12 Oktoba 2018. Rejesho ni kwa ndege ya mabawa yasiyozunguka, yenye injini moja ya pistoni, iliyosajiliwa Marekani mara ya kwanza kabla ya 1 Januari 2016. Ndege moja, rejesho moja. Anayeomba ni mwenye ndege, si karakana.

Watu hujikwaa kwenye hesabu ya siku. Mwenye ndege akishika nafasi mtandaoni hutaja tarehe ya kufungiwa kifaa, na tarehe hiyo lazima iangukie ndani ya siku 90. Kisha ana siku 60 za kuruka, kuthibitisha na kudai. Siku hizo 60 huhesabiwa kuanzia tarehe aliyoiandika, hata kama siku hiyo ndege ilikuwa bado imelala kwao ikingoja zamu. Cessna hii iliandikiwa Februari 4. Imefika kwetu Jumatatu ya wiki hii, kwa sababu foleni ya karakana zote sasa ni ndefu. Siku 49 zimeliwa kabla skrubu ya kwanza haijafunguliwa.

Anayepanga vizuri hupiga simu karakana kwanza, hupata tarehe iliyothibitishwa, ndipo huingia mtandaoni. Wengi hufanya kinyume.

Saa 2:00

Antena ya GPS juu ya paa. Jana tumeshusha kitambaa cha dari na kutoboa. Bati la paa la 172 ni jembamba, kwa hiyo ndani tunaweka bamba la kuimarisha la alumini ya 2024-T3, unene wa inchi 0.040, na kulifunga kwa ribiti. Antena iwe angalau futi mbili kutoka antena ya redio ya VHF. Ukiisogeza karibu, rubani akibonyeza kitufe cha kuongea GPS inaweza kuyumba, na ripoti ya baadaye itaonyesha usahihi unaopanda na kushuka bila wewe kujua chanzo.

Chini ya antena rangi inakwanguliwa mpaka bati ling'ae, kisha tunapima ukinzani kati ya kitako cha antena na bodi kwa mita ya miliohmu. Rangi iliyobaki ni ugonjwa usioonekana kwa macho.

Waya wa koaksia, yaani waya wa antena wenye ngao, ni wa aina ya RG-400. RG-58 ya zamani iliyokuwa ndani tumeing'oa yote, na sioni sababu ya mtu kuibakiza ili aokoe dola thelathini. Antena ya GPS ina kikuzaji ndani yake, kwa hiyo soma mwongozo wa kipokezi: vingi vinataka upotevu wa ishara usizidi kiwango fulani na pia usipungue kiwango fulani. Waya mfupi mno nao ni kosa. Ndiyo maana utaona msokoto wa waya umefungwa vizuri nyuma ya paneli, si uzembe.

Saa 3:30

Tumboni mwa ndege. Antena ya zamani ya transponda (redio ya ndege inayojibu rada), ile ya kijiti chenye kidonge, imezungukwa na oili ya injini ya miaka. Tunaweka ya umbo la pezi. Kwa masafa ya 1090 MHz, RG-400 hula karibu nusu desibeli kila mita, hivyo waya huu, tofauti na wa GPS, uwe mfupi kadiri njia inavyoruhusu. Viungio vya kubana vinataka koleo lake maalumu. Ukitumia koleo la kawaida kiungio kitashika leo na kulegea kwenye mtikisiko wa tatu.

Saa 4:30

Kifaa chenyewe: transponda ya 1090ES, yaani inayotangaza ADS-B kwa masafa ya 1090 MHz, yenye GPS ya WAAS (GPS iliyosahihishwa) ndani yake, imechukua nafasi ya transponda ya zamani ya KT 76A. Kisoma mwinuko kinakaa mgongoni mwa kifaa, kwa hiyo bomba la hewa tuli, linalopeleka shinikizo la hewa ya nje kwenye vipimo, limefunguliwa na kuongezewa kiungio cha T. Ukishafungua bomba hilo umejipa kazi nyingine: kupima uvujaji. Tunavuta hewa mpaka altimita (kipima mwinuko) ionyeshe futi 1,000 zaidi, tunafunga, tunahesabu dakika moja. Isishuke zaidi ya futi 100. Leo imeshuka 40. Ingevuja, chanzo mara nyingi ni mpira mkongwe uliopasuka nyuma ya kipima mwendo, na kuutafuta kunaweza kula nusu siku.

Saa 5:30

Usanidi. Hapa ndipo marejesho mengi hukwama, wala si kwenye nyaya. Ndege inaweza kuwa imefungwa kwa ustadi wote na bado ikaanguka kwa tarakimu moja.

Anwani ya biti 24. Kila usajili wa Marekani una anwani yake, na rejista ya FAA huionyesha kwa namna mbili: tarakimu nane zinazoanza na 5, au tarakimu sita za mfumo wa kumi na sita zinazoanza na A. Usajili N1, kwa mfano, ni 50000001 kwa namna ya kwanza na A00001 kwa ya pili. Fundi akisoma safu moja na kuijaza kwenye nafasi ya nyingine, ndege itatangaza utambulisho usio wake. Kama mwenyewe aliwahi kubadilisha nambari ya mkiani, anwani nayo ilibadilika. Usinakili kutoka kwenye makaratasi ya zamani.

Jina la safari ni nambari ya usajili pamoja na herufi N, bila nafasi wala kistari. Kundi la ndege ni nyepesi, chini ya pauni 15,500. Ukubwa ni daraja la kwanza kabisa, urefu usiozidi mita 15 na upana usiozidi mita 23, maana 172 ina mabawa ya mita 11 tu. Uadilifu wa chanzo cha GPS, SIL, uwe 3. Uhakika wa mfumo, SDA, usipungue 2. Hizi mbili za mwisho hazibuniwi. Zinatoka kwenye hati ya kuidhinisha mchanganyiko wa kifaa na GPS, na ndiyo maana huwezi kuunganisha transponda mpya na GPS yoyote iliyokuwa kwenye paneli.

Mmoja anajaza, mwingine anasoma kwa sauti kutoka kwenye rejista. Dakika kumi.

Saa 6:30 mchana

Chakula, na simu. Mwenye ndege ya Piper anauliza kama anaweza kuchukua kifaa cha UAT (aina ya pili ya ADS-B, ya masafa ya 978 MHz) kinachofungwa ncha ya bawa mahali pa taa. Anaweza: ni rahisi, hakigusi paneli, na kinakubalika kwa rejesho mradi kina idhini ya FAA iitwayo TSO-C154c. Lakini UAT ya 978 MHz ni ya Marekani na kwa chini ya futi 18,000. Akipenda kuvuka kwenda Mexico, anunue 1090ES. Pia transponda yake ya zamani itabaki ikifanya kazi, na vifaa hivyo viwili lazima vitangaze namba ileile ya skwoki, yaani msimbo wa tarakimu nne anaopewa rubani. Visipolingana, ripoti itatoka nyekundu.

Tumemwambia pia asishike nafasi leo. Tarehe yetu ya kwanza iliyo wazi ni Mei.

Saa 7:30

Kupima chini. Ndege nje, mbali na ukuta wa bati unaorudisha mawimbi, na kifaa cha kupimia kikiwa mbele yake. Masafa yawe 1090, kupungua au kuzidi kusivuke MHz 1 kwa transponda ya Mode S, aina inayojibu rada kwa anwani yake, kama hii. Kwa daraja la kifaa hiki nguvu isipungue wati 125. Usikivu uwe karibu na −74 dBm, tofauti isizidi 3. Kisha altimita inawekwa kwenye shinikizo la kawaida, inchi 29.92 za zebaki, na mwinuko unaotangazwa unalinganishwa nayo hatua kwa hatua. Tofauti isivuke futi 125. Kifaa cha kupimia kinaonyesha pia ujumbe wa ADS-B wenyewe, kwa hiyo anwani na jina la safari tunavisoma mara ya pili, safari hii vikitoka hewani.

Saa 8:30

Karatasi. Fomu 337 ya mabadiliko makubwa: nakala moja kwa mwenye ndege, nyingine iende ofisi ya usajili ya FAA kule Oklahoma City ndani ya saa 48 baada ya ndege kuruhusiwa kurudi kazini. Uzito na mizania vinahesabiwa upya, hata kama tofauti ni pauni mbili. Nyongeza ya kitabu cha rubani inawekwa ndani ya ndege. Maandishi ya kitabu cha kumbukumbu yanataja vipimo vyote vya mchana.

Mkaguzi mwenye mamlaka ya kusaini alipangiwa saa hii tangu wiki iliyopita. Karakana isiyo na mkaguzi wake inaweza kumsubiri siku tano, na ndege iliyokamilika isiyosainiwa hairuki. Kwa siku tisa zilizobaki, tano ni nyingi.

Saa 10:00 jioni

Kuruka. Masharti ya rejesho ni angalau dakika 30 ndani ya anga inayotakiwa kisheria, na kati ya hizo jumla ya dakika 10 za kugeuka, kupanda na kushuka. Hapa tuna bahati: duara la maili 30 za baharini kuzunguka uwanja mkubwa wa Houston linahesabika, kuanzia ardhini hadi futi 10,000, kwa hiyo rubani haingii kwenye anga ya uwanja wenyewe wala haombi ruhusa. Tunamshauri akae futi 2,500, nje ya tabaka za Class B, anga inayodhibitiwa ya uwanja mkubwa. Akiwa chini sana, miti na mkunjo wa ardhi huzuia ishara isifikie mitambo ya kupokea, na dakika zake hazitahesabika.

Transponda iwe kwenye ALT, hali ya kutangaza mwinuko, tangu anaanza kutembeza ndege. Asiibonyezebonyeze hewani. Aruke dakika 45, si 30.

Saa 11:30

Ndege imetua. Ripoti ya utendaji huombwa mtandaoni kwa kujaza usajili na tarehe ya Zulu, yaani ya saa za dunia (UTC). Houston sasa iko saa tano nyuma ya Zulu. Anayeruka baada ya saa 1:00 usiku ameshaingia kesho, na akijaza tarehe ya leo ataambiwa hakuna safari. Ndiyo sababu hatupendi majaribio ya usiku.

Inasomwa hivi: tafuta nyekundu. NIC, kiwango cha uadilifu wa mahali ndege ilipo, isipungue 7; NACp, kiwango cha usahihi wake, isipungue 8. Zikianguka kwa muda mfupi wakati wa kugeuka tu, angalia mahali antena ilipo. Zikianguka muda wote, chanzo ni GPS au usanidi. Nyekundu kwenye hali ya kuwa chini au hewani maana yake kifaa hakijui ndege imetua. Ya leo haina nyekundu.

Bado si mwisho. Mwenye ndege anaingia kwenye ukurasa wa uthibitisho wa rejesho, mfumo unaikagua safari hiyohiyo na kumpa msimbo wa pili. Msimbo huo pamoja na ule wa nafasi alioupata alipojiandikisha ndio unaodai pesa. Wengi hupokea ripoti safi, hufurahi, hudhani wamemaliza. Huyu tumemkalisha ofisini na kompyuta mpaka ukurasa umeandika kuwa dai limepokelewa.

Saa 12:15

Aprili 5 inafutwa ubaoni. Inayofuata ni Cherokee ya Aprili 19: mkaguzi amepangwa Ijumaa, lakini kiungio chake cha antena hakijafika, na muuzaji hufungua kesho saa mbili.