Bei ya mtumwa

Ukoo wa mama yangu hauna kabila. Ukituuliza kwetu ni wapi, tutakujibu Misheni, basi. Mama aliyemzaa bibi yake mama aliletwa hapa Bagamoyo akiwa mtoto. Alitoka bara, na bara ya wapi hakuna anayejua. Mapadre wakamnunua, wakambatiza, na alipokua akaozwa na kupewa mahali pa kulima katika kijiji cha Kikristo.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 wakitokea Unguja. Misafara ya bara iliishia hapa wakati huo, na pembe za ndovu na wanadamu vyote vilikuwa bidhaa. Walitoa fedha, wakakomboa watoto. Sitaipamba historia hiyo. Waliokombolewa walipangiwa kazi, na wengi walipangiwa hata wa kuoana naye, na sauti zao wenyewe ni chache katika maandishi yaliyobaki. Lakini bibi yetu alikombolewa, na mimi nipo.

Ndiyo maana Barua ya Paulo kwa Wafilipi, sura ya pili, hainipiti hivi hivi. Paulo anasema Kristo, aliyekuwa sawa na Mungu, “akatwaa namna ya mtumwa”. Nimesikia mahubiri mengi juu ya mstari huo, na karibu yote yalihusu upole na kutojikweza. Ni kweli, lakini haitoshi. Mtu wa Bagamoyo anajua mtumwa hakuwa mtu mpole. Alikuwa mtu mwenye bei.

Na Yesu alikuwa na bei. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinasema ng'ombe akimpiga mtumwa pembe, mwenye ng'ombe amlipe bwana wake shekeli 30 za fedha. Vipande 30 vya fedha ndivyo alivyohesabiwa Yuda ili amsaliti Yesu. Nilipoiona hesabu hiyo kwa mara ya kwanza nilifunga Biblia nikakaa kimya muda mrefu, nikimfikiria yule bibi na kiasi kilichotajwa juu ya kichwa chake, kiasi ambacho hatutakijua. Hata kifo cha Yesu kilikuwa cha watu wa namna hiyo. Warumi walipozima uasi wa watumwa ulioongozwa na Spartacus, mwaka 71 kabla ya Kristo, waliwatundika mateka wapatao 6,000 kwenye misalaba kando ya barabara ya kutoka Capua hadi Roma. Raia wa Kirumi kwa kawaida hakuguswa na adhabu hiyo.

Nafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza. Mmoja aliniuliza kwa nini Mungu hakumtuma malaika tu. Swali hilo lilishawatikisa maaskofu. Huko Nikea, mwaka 325, walikutana kwa sababu padre mmoja, Ario, alifundisha kuwa Mwana ni kiumbe, hata kama ni cha juu kuliko vyote. Wao wakakiri kwamba Mwana ni Mungu kweli kutoka kwa Mungu kweli. Nilimwambia yule mtoto: kama aliyekuja ni mjumbe, basi Mungu mwenyewe alibaki mbali, na mateso yetu amesimuliwa tu. Aliyesimuliwa njaa hajui njaa. Sisi tunasadiki kwamba alikuja mwenyewe, akachoka mpaka akakaa kisimani huko Samaria, akalala usingizi mzito mashuani katikati ya dhoruba, akalia kaburini kwa Lazaro. Ndiyo sababu siku ya Noeli, tukifika kwenye maneno “akawa mwanadamu”, kanisa zima linapiga magoti. Napenda sana watoto walione jambo hilo. Wazee wenye magoti mabovu nao wanashuka.

Lakini Noeli peke yake hainifikishi mbali. Ninachokielewa zaidi ni Alhamisi Kuu, siku Yesu alipowaosha wanafunzi wake miguu.

Mama yangu sasa ni mtu wa kitandani. Kila asubuhi nachukua beseni la maji ya uvuguvugu, namwosha, nambadilisha pampasi, namgeuza upande asipate vidonda vya kulalia. Mwanzoni alikuwa akivuta miguu yake. Yeye ndiye aliyetuosha sisi, ndiye aliyezoea kutoa. Petro naye alivuta miguu, na namwelewa. Kuoshwa ni kukubali kwamba mtu amekuona ulivyo. Yesu hakumkemea kwa kuona haya. Alimwambia tu kwamba asipomwosha, hana sehemu naye. Kisha akaendelea kuosha, na Yuda akiwamo mle ndani. Nikishika kisigino cha mama, najua Mungu aliifanya kazi hii kwa mikono yenye kucha na ngozi. Hakuiagiza kutoka mbinguni.

Jirani yangu ni Mwislamu. Hakubaliani nami hata kidogo kwamba Mungu anaweza kuwa mtu, na tumelizungumza kwa heshima zaidi ya mara moja. Lakini mama akiwa mzito kumgeuza, yeye ndiye ninayemwita, na anakuja kabla sijamaliza kuita. Siwezi kuandika juu ya upendo nikamruka.

Kwa hiyo nina ombi langu kwa kamati ya liturujia, inayopanga ibada ya siku hiyo. Mara nyingi watu 12 wa kuoshwa miguu ni wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya, wamekuja na soksi safi. Tangu mwaka 2016, kwa agizo la Papa Fransisko, wanawake nao wanaweza kuwamo. Nitawapendekeza kina mama wanaopara samaki sokoni pwani, vijana wanaoshusha mizigo majahazini, na dada mmoja wa kazi za ndani ambaye huwa anasali akiwa amesimama mlangoni. Nimeshazungumza naye. Alisema atafikiria, akaniuliza kama maji yatakuwa ya moto.