Kurasa kumi na nne

Jana usiku binti yangu alinikuta nimetandaza karatasi mezani, najaribu kuchapa tovuti ya zahanati ninayoimalizia. Akaokota moja, bado ina joto la mashine. "Baba, siku hizi nani anaprinti tovuti?"

Harufu ya tona ikanirudisha Msamvu, stendi ya mabasi ya Morogoro.

Ilikuwa 2014. Nikisubiri basi la Dar, niliingia steshenari iliyo jirani na stendi kutoa kopi ya kitambulisho. Mbele yangu alikuwa mama mmoja, mkononi ana kikaratasi chenye anwani ya tovuti, mwandiko wa mtoto. Kijana wa steshenari akaiandika. Nikaitambua kabla haijamaliza kufunguka. Ilikuwa ya shule moja ya bweni, na aliyeitengeneza ni mimi.

Niliipenda mno ile kazi. Kijani kilichokolea, maandishi meupe, nembo imeganda juu hata ukishuka chini. Fomu ya kujiunga niliiweka humohumo, ukurasa kama kurasa nyingine.

Mashine ikaanza kutema. Karatasi ya kwanza ilitoka na menyu peke yake, viungo vimejipanga kutoka juu hadi chini. Ya pili, picha ya jengo la utawala. Fomu yenyewe ilianzia ya tatu. Kwa kawaida kivinjari hakichapi rangi ya nyuma, kwa hiyo kijani changu kilitoweka na maandishi yakabaki ya kijivu, kama yameloa. Na ile nembo niliyoigandisha juu ilijirudia kila karatasi, ikilalia mistari ya fomu. Neno juu ya neno.

"Kumi na nne," kijana akasema. "Elfu mbili na mia nane, mama."

Mama akafungua pindo la khanga. Akahesabu, akarudia kuhesabu. "Mwanangu, na nauli ya Kilosa imo humuhumu."

Kisha akanyanyua karatasi moja kuelekea mlangoni kwenye mwanga, kidole chini ya mstari. "Hapa pameandikwaje? Ni tarehe ngapi ya kuripoti?" Kijana akainama, akakodoa macho, akashindwa. Tarehe ilikuwa chini ya nembo. Mama akanigeukia mimi. Kile kidole hakikutoka kwenye ule mstari.

Nikaomba kiti. Nikanakili maneno matupu kwenye Word: godoro, ndoo, jembe, fyekeo, rimu ya karatasi, tarehe. Kurasa tano za A4. Nikalipa zote, zile kumi na nne na hizi tano. "Mungu akuzidishie, mwanangu," akasema. Nikaitikia amina. Basi likapiga honi, nikatoka mbio.

Wiki ile nilirekebisha tovuti. Mistari michache tu ya CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa tovuti, inayofanya kazi wakati wa kuchapa peke yake: ficha menyu, achia nembo isigande, maandishi meusi, jedwali lisikatwe katikati, anwani ya kiungo ionekane karatasini kwa sababu karatasi haibonyezwi. Uwezo wa kuandika kanuni za kuchapa pekee umo tangu CSS2, toleo lake la pili, la 1998. Ulikuwa na miaka 16 siku ile nilipokaa kwenye kile kiti.

Wateja huniambia watu wanasoma kwenye simu, kwa nini walipie siku nzima ya kazi hiyo? Kwa tovuti ya habari au ya muziki sibishani nao. Lakini fomu ya shule, ya zahanati, ya mahakama, kila kinachongoja mhuri, kitaishia kwenye karatasi, na mara nyingi ni karatasi ya mtu aliyehesabu nauli yake kwanza. Hapo nang'ang'ana, na kuna kazi nimezikosa kwa sababu hiyo.

Nilimsimulia binti yangu yote haya. Akanyamaza kidogo, akaiweka ile karatasi juu ya wenzake.

"Sasa yule mama, kwa nini hukumwambia kwamba ni wewe?"

Nikarudi kwenye mashine, nikachapa tena ukurasa wa tatu.