Kabla hujaniambia Tesla inapanda, niambie umeshika nini

Juzi kijiweni Mikindani, kahawa haijapoa, kukazuka ubishi wa hisa za magari ya umeme utadhani watu wanabishania Simba na Yanga. Njomba mmoja anasema Tesla ndo yenyewe, mwingine anasema BYD ya Wachina ishampita, mi nimekaa nasikiliza tu.

Si mnawajua watu wa kangomba, wale walanguzi wa korosho? Anakukuta una shida ya ada, mikorosho ndo kwanza ina maua, anakwambia njomba mwaka huu mnadani hamna kitu, nipe mimi sasa hivi tumalizane. Oktoba ikifika mzigo wako yeye ndo anaupeleka mnadani. Kwa hiyo mi mtu akinambia bei itashuka namuuliza kwanza, we unanunua au unauza?

Na hisa ni hivyohivyo. Kuna jamaa kule Marekani wanakopa hisa si zao, wanaziuza, halafu wanaomba bei idondoke wazinunue rahisi warudishe, chenji inabaki yao. Sasa mtu kama huyo atakusifia kampuni? Ila msiwapuuze, maana Septemba 2020 Hindenburg, kampuni ya jamaa haohao, walitoa ripoti kuhusu Nikola, wale wa malori ya umeme, wakasema lile lori kwenye video yao ya matangazo halikuwa linakwenda kwa nguvu yake lenyewe, liliachiwa tu mteremkoni likaserereka. Walikuwa na maslahi yao kabisa na bado walisema kweli, Nikola imefilisika Februari 2025.

Upande wa wanaosifia yupo Cathie Wood, mama wa Marekani mwenye mfuko wa uwekezaji. 2018 alisema Tesla itafika dola 4,000, watu wakacheka, na Januari 2021 ikafika kweli (ukihesabu kwamba katikati hapo kila hisa 1 iligawanywa ikawa 5). Lakini huyohuyo mfuko wake ulikuwa unapunguza hisa za Tesla kila zikipanda sana. Hilo wanaomnukuu huwa hawalisemi. Aliyeingia 2022 mwanzoni kwa kusikia sifa tu, mwaka unaisha hela yake imebaki kama theluthi.

Binamu yangu aliyeko Dubai ndo alikula za uso. Alinunua hisa za Rivian, Wamarekani wengine wa magari ya umeme, Novemba 2021 ilivyopita dola 170, akatupigia simu ukoo mzima, mwisho wa 2022 ipo chini ya 20. Sasa hivi ukimtajia gari la umeme anauliza habari za mama.

Anayenifurahisha mimi ni mzee Buffett, yule tajiri mwekezaji wa Marekani, 2008 kampuni yake ilinunua hisa milioni 225 za BYD kwa kama dola milioni 230, akakaa kimya. Alipoanza kuuza 2022 ndo watu wakashtuka.

Halafu kuna wale wa "madini ya kinywe (grafiti) si yapo Ruangwa, betri si zinataka kinywe, basi na sisi tumo". Njomba, kinywe kuwa chini ya shamba la shangazi yako hakukupi hisa hata moja, mwenye hisa ni aliyenunua.

Basi wakanigeukia, haya na we mjuaji umeshika nini? Nikawaambia ukweli, magari ya umeme sina hata senti, nina magunia manne ya korosho ghala la chama, na nawahakikishia bei mnada ujao itapanda sana.

Wakacheka mpaka muuza kahawa akamwaga.