Kutoka ukingo wa Como hadi dirisha la Lacock

Tuna kamera moja. Tulipoanza kusafiri kwa ajili ya picha, mume wangu ndiye aliyependekeza tubebe moja tu, na lenzi moja ya milimita 35, tupokezane: leo yako, kesho yangu. Asiye na zamu anakaa na kutazama. Ndiyo maana safari zetu huenda polepole. Mahali pamoja tunaweza kupakalia siku tano bila kuchoka, na miji mingi maarufu tumeipita ndani ya treni.

Safari hii ilitokana na habari za wanandoa wengine. Mwaka 1833 Mwingereza William Henry Fox Talbot, ambaye baadaye angekuwa mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alikuwa akizunguka Italia na mkewe Constance. Hawakuwa wametimiza hata mwaka katika ndoa. Siku za mwanzo za Oktoba walikuwa kwenye ukingo wa Ziwa Como, wakichora. Constance alijua kuchora. Mumewe, pamoja na elimu yake yote ya hesabu na kemia, mkono ulimkatalia, hata alipotumia camera lucida. Hicho ni kifaa chenye kipande kidogo cha kioo kilichokatwa umbo la mche (prizimu), kimeshikizwa juu ya kijiti. Ukichungulia, mandhari ya mbele yako yanaonekana yamelala juu ya karatasi, nawe unayafuatisha kwa penseli. Talbot alieleza baadaye, katika kitabu alichoanza kukichapisha 1844, kwamba alipoondoa jicho kwenye kioo aliona penseli imemsaliti. Hapo hapo ziwani likamjia wazo: vipi kama taswira ile ingejichora yenyewe kwenye karatasi na kubaki?

Nilipomaliza kusoma nilimwambia mume wangu, "Twende Oktoba." Akaenda moja kwa moja kuangalia ratiba za treni.

Kutoka Milano Centrale hadi Varenna ni kama saa moja kwa treni, kisha unavuka kwa kivuko hadi Bellagio, mji uliokaa kwenye ncha ya ardhi pale ziwa linapogawanyika mikono miwili. Mchoro mmoja wa Talbot wa siku zile ni wa Villa Melzi, na una tarehe 5 Oktoba 1833. Jumba hilo jeupe bado lipo, na bustani yake inashuka hadi majini. Kandokando ya maji kuna safu ya miti mikubwa iliyopogolewa ikatandaza matawi kama miamvuli.

Nilikuwa nimenunua camera lucida ndogo kwa ajili ya siku hiyo. Zamu ya kamera ilikuwa ya mume wangu, kwa hiyo nikaweka ubao mapajani, nikafunga kifaa, nikachungulia. Kweli milima ilikuwa pale, juu ya karatasi yangu, na maji, na hata ndege mmoja aliyekatiza. Lakini ukisogeza kichwa kidogo tu, mlima unaruka kutoka kwenye mstari uliokwisha kuuchora. Jua likitoka na karatasi ikang'aa, taswira inafifia. Wingu likipita, taswira inarudi, ila ncha ya penseli ndiyo huioni tena. Baada ya saa nzima nilikuwa na mgongo wa mlima ulio sawa, na mashina ya miti ambayo hayakukutana na matawi yake. Nimesoma mengi kuhusu historia ya picha, lakini hamu ile ya kutaka mwanga ufanye kazi wenyewe niliielewa asubuhi hiyo, vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Mume wangu alipiga picha nne kwa saa tatu. Ninayoipenda ni ya ngazi za mawe zinazoingia majini. Kivuko kilipita mbali, kikatokomea, na sisi tukakisahau. Ndipo mawimbi yake yakafika, yakapanda ngazi mbili na kuacha mawe meusi yanayometa. "Subiri," alisema kabla hata hayajaonekana. Alikuwa ameyahesabia muda tangu asubuhi.

Njiani kuelekea kaskazini tulilala siku mbili Chalon-sur-Saône, Ufaransa, mji alikozaliwa Nicéphore Niépce. Yeye alimtangulia Talbot. Picha yake ya paa za nyumba, aliyoipiga dirishani katika kijiji jirani cha Saint-Loup-de-Varennes mwaka 1826 au 1827 kwenye bamba lililopakwa lami, ndiyo picha kongwe zaidi ya kamera iliyobaki duniani. Bamba lenyewe liko Austin, Texas. Mvua ilinyesha siku zote mbili, tukashinda makumbusho yenye jina lake kando ya mto, tukizunguka kamera za mbao.

Lacock tulifika mwisho wa Oktoba. Ni kijiji cha Wiltshire, Uingereza. Unashuka treni Chippenham kisha unachukua basi. Nyumba ya akina Talbot ilikuwa makao ya watawa wa kike yaliyoanzishwa 1232, na kumbi za mawe za watawa zingalipo chini yake. Humo Talbot aliloweka karatasi katika chumvi, akaipaka nitrati ya fedha, na kuitia ndani ya kamera zake, visanduku vidogo vya mbao alivyovitega huku na huku. Constance aliviita mitego ya panya.

Dirisha tulilolifuata liko kwenye ukumbi wa kusini. Nilitegemea kitu kikubwa. Ni dirisha la wastani lililotokeza nje, vioo vyake vidogo vimekatwa umbo la almasi na kushikwa na vipande vyembamba vya madini ya risasi. Agosti 1835 Talbot alilipiga picha, na negativu iliyotoka (picha ambayo penye mwanga huonekana peusi na penye giza peupe), ndogo karibu kama stempu, ndiyo kongwe zaidi tuliyonayo. Aliandika pembeni yake kwamba ilipokuwa mpya vioo vile, kama 200 hivi, viliweza kuhesabika kwa kioo cha kukuzia.

Siku hiyo kamera ilikuwa yangu. Mwanga wa alasiri uliingia umelala, ukamwaga almasi kwenye sakafu na kwenye viatu vya mume wangu. Nilipiga moja ya viatu, moja ya dirisha, nikaizima kamera. Yeye alikuwa ameanza kuhesabu vioo kwa kidole, kutoka juu kushoto, midomo ikicheza. Nikaanza upande wa kulia. Wingu likapita, mistari ya risasi ikajichanganya na matawi ya nje, wote wawili tukapotea.

"Ulifika ngapi?" akauliza.

"Tisini na kitu."

Tukaanza upya.