Michango ya ukurasa wa tisa

Ada ya chuo niliijua. Nyumbani Kibaigwa tulishaihesabu tangu siku jina langu lilipotoka: 1,200,000 kwa mwaka, nusu yake nilipe nikiingia. Mama aliuza mahindi, akaongezea pesa za mchezo wa kina mama, akanifungia 650,000 kwenye pindo la kitenge. Ile 50,000 ya juu ilikuwa ya kula.

Nilishuka stendi ya Nanenane, Dodoma, asubuhi, saa nne nikawa kwenye foleni ya usajili ya chuo nilichopangiwa. Dirishani nikapewa karatasi nyingine. Usajili 20,000. Kitambulisho 10,000. Serikali ya wanafunzi 10,000. Fedha ya tahadhari 50,000. Uthibiti ubora wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, 20,000. Bima ya afya ya NHIF 50,400. Chini kabisa, fulana na traksuti 35,000. Jumla 195,400, na ada haimo humo.

Nilikaa kwenye ngazi nikaichomoa fomu ya kujiunga. Michango yote ilikuwamo, ukurasa wa tisa, kwenye jedwali la maandishi madogo. Ada ilikuwa ukurasa wa pili kwa herufi nene. Hapo ndipo ninapoumia mpaka leo. Mzazi anayeuza gunia mojamoja husoma pale wino ulipokoza. Kama mchango ni wa lazima, uandikwe pamoja na ada na ujumlishwe, mtu ajue anatafuta kiasi gani kabla hajampandisha mwanawe basi.

Mwenzangu mmoja kwenye foleni alinishauri nimpigie mama auze magunia matatu yaliyobaki. Nilishika simu, nikasita. Ilikuwa Oktoba. Mahindi kwetu huanza kupata bei Januari, maghala ya watu yakishapungua, na mama aliyaweka kwa ajili hiyo. Nikarudi dirishani.

"Shikamoo mama. Naomba unieleweshe, katika hivi ni kipi nisipolipa leo sisajiliwi?"

Yule mama mhasibu aliniangalia, akachukua kalamu nyekundu. TCU na bima akazizungushia duara. "Hizi si zetu, zinapita tu kwetu. Lipa zote." Usajili, kitambulisho na serikali ya wanafunzi, alama ya vema: za leo pia. Fulana na traksuti akazikata mstari, ni za hiari. Kalamu ikasimama kwenye tahadhari. Hiyo, akasema, mtu hurudishiwa akimaliza masomo kama hajaharibu mali ya chuo, na inaweza kusubiri nikimwandikia mshauri wa wanafunzi. Hata ada naweza kuomba nilipe kidogokidogo.

"Ila andika leo, mwanangu. Wanaokuja na barua wiki ya mtihani hatuna cha kuwasaidia."

Niliandika palepale, nimeegemeza daftari ukutani: nina kiasi gani mkononi, kilichobaki nitakilipa lini, na kitatoka wapi. Sikuandika kwamba sisi ni maskini sana. Niliandika mahindi, magunia matatu, Januari. Jioni ileile mama alikwenda kwa mtendaji wa kata kuchukua barua ya utambulisho, jirani akaipiga picha na kunitumia kwa WhatsApp. Nikaichapisha kwenye steshenari iliyo karibu na geti, nikaambatisha.

Kesho yake nikajibiwa: 400,000 ya ada sasa, 200,000 pamoja na tahadhari kabla ya mtihani wa Februari.

Nililipa 510,400. Kila malipo yalikwenda kwa namba yake ya malipo (control number), zile zinazoanzia na 99, na risiti nikazibana pamoja. Kulikuwa na vijana wakizunguka foleni wakijitolea kumlipia mtu "haraka haraka". Sikumpa hata mmoja shilingi, na nawaomba wanaokuja wasiwape.

Zilibaki 139,600. Hosteli nikaiacha, nikaenda kukaa kwa mama mdogo Nkuhungu. Daladala asubuhi, jioni namsaidia kukaanga karanga za kuuza. Palikuwa mbali na nilichoka, lakini nilikula kila siku.

Januari mama akauza yale magunia. Tulimaliza 250,000 wiki mbili kabla ya mtihani.

Mwaka huu mdogo wangu naye amepangiwa chuo. Fomu yake ilipofika tulianzia kurasa za mwisho. Tumejumlisha kwa penseli nyuma ya bahasha, na mama ameshatenga gunia moja stoo, kaliandika jina lake kwa mkaa.